Wifi wa Uzi

Polisi walipomjia, Bindo alikuwa na pini mdomoni, anakunja pindo la blauzi ya arusi ya mtu, ndiyo maana hakuwaitikia salamu. Mkubwa wao akaona ni kiburi. Akamsomea majina pale pale mlangoni, mbele ya wateja: Tripurari, mume, Ramsakhi, mama wa mume, Bindeshwari, dada wa mume. Kosa, kumtesa mke wa Tripurari kwa ajili ya mahari. Bindo akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa, kisha akasema Bindeshwari ni yeye kweli, lakini huyo dada wa mume ni nani?

"Si wewe?" askari akamwambia. "Mtaa mzima unajua."

Mtaa mzima ulijua, na balaa ilikuwa hapo hapo.

Ramsakhi wa nyumba ya pili alijaliwa mtoto mmoja tu, huyo Tripurari. Bindo naye aliletwa mtaa ule wa Nayaganj, nje kidogo ya Ghazipur, akiwa bibi arusi, akafiwa na mume kabla hajazaa, na kwao hakuwa na kaka wa kumrudia. Mvua za mwaka ule wa kwanza wa ujane zilipofika, wanawake wote wakiwafunga kaka zao uzi wa rakhi mkononi, Ramsakhi alimsukuma mwanawe, bado yuko na sare za shule, hadi kwenye kizingiti cha mjane. Mfunge huyu, alisema; yeye hana dada, wewe huna kaka, watu wawili walie ya nini? Bindo akamfunga uzi, akamtia kipande cha halua mdomoni. Tangu hapo hakuna mwaka uliopita bila uzi.

Na lazima isemwe, kwa sababu ni kweli: Tripurari hakuwa mbaya kwa Bindo. Bati la kibaraza cha mjane liliposhikwa na upepo, yeye ndiye aliyepanda kulipigilia. Mlevi mmoja alipomkalia Bindo mlangoni na maneno machafu, Tripurari alimburuta hadi kwenye mfereji akamtumbukiza. Mwanamume wa kwetu anaweza kuwa malaika kwa dada yake na jini kwa mkewe, ndani ya nyumba moja, siku moja, na wala kichwa hakimuumi.

Alipooa, arusi ilihitaji dada. Nani atafunga fundo kati ya shela ya bibi arusi na shali ya bwana arusi? Nani atasimama mlangoni kuwazuia wasiingie mpaka wampe zawadi? Hizo ni kazi za dada wa bwana arusi, na bila yeye arusi ni chongo. Basi Bindo akafunga fundo, akazuia mlango, akatania, akaimba yale matusi ya arusini ambayo siku nyingine mtu angepigwa kwayo. Baba wa bibi arusi, mzee Baleshwar, mkulima wa miwa, akamkunjia viganja, akainama, akamkabidhi sari ya hariri ambayo ni haki ya wifi. Kwetu baba wa binti huinamia kila mtu wa upande wa mume. Paka wa nyumba ile angepita, naye angeinamiwa. Yote hayo yamo kwenye video ya arusi, na muziki umewekwa juu yake.

Kwetu anayetoa mahari ni baba wa binti. Sheria ilipiga marufuku jambo hilo kabla Bindo hajazaliwa, na tangu hapo linaitwa zawadi. Baleshwar alitoa kitanda, kabati, friji na televisheni, akaahidi na pikipiki baada ya mavuno. Miwa ikavunwa, ikapelekwa kiwandani, na wenye kiwanda wakakaa na malipo ya wakulima kama walivyokaa nayo mwaka wa nyuma yake. Pikipiki haikuja. Hapo ndipo Nirupa, yule bibi arusi, alipoanza kulala na njaa. Kwanza sahani yake ilisahauliwa. Kisha simu yake ikawekwa kabatini. Kisha mama mkwe akagundua kwamba dal yake, mchuzi wa dengu, ina chumvi nyingi, chai yake haina rangi, na kivuli chake kinaleta mikosi.

Wako wanaosema mambo haya yamekwisha. Wenye kusema hivyo hawakai Nayaganj. Bindo anakumbuka binti wa watu aliyeolewa nyumba ya kona, karibu na kisima, kabla hata umeme haujafika mtaani. Yeye ndiye aliyemshonea blauzi. Asubuhi moja ilisemekana jiko la mafuta ya taa limemlipukia. Polisi wakaja, wakanywa chai, wakaandika ajali, na kabla mwaka haujaisha mwanamume yule akaoa tena, na kwenye arusi hiyo mtaa mzima ulikula. Majiko ya kwetu yana adabu sana. Hayajawahi hata siku moja kumlipukia mama mkwe.

Kwa ajili ya mabinti wa namna hiyo, akina mama walijaa barabarani wakiwa na picha za watoto wao waliokufa, wakapigwa virungu, wakarudi tena, mpaka wakubwa wakaandika sheria mpya: mume, au ndugu wa mume, akimtesa mwanamke, afungwe. Ni sheria iliyolipiwa kwa ngozi za watu. Lakini waliiandika wakaacha neno ndugu limesimama mlango wazi, bila kusema ni nani ndani na nani nje, na kwetu ndugu hawana ukuta.

Ilikuwa ni joto la Jeth, mwezi wa jua kali kabla ya mvua, mchana, saa ambazo hata mbwa hawabweki. Mapaa ya Bindo na Ramsakhi ni ya zege, yamegusana, katikati pana ukuta mfupi wa kufika kiunoni. Bindo alipanda kuanua nguo akasikia bangili zinagonga zege. Akachungulia. Nirupa alikuwa amelala ubavu chini ya jua, mlango wa ngazi umefungwa kwa ndani, midomo imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Bindo aliruka ukuta akiwa na miaka yake yote na magoti yake mabovu. Akamnywesha maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo. Ramsakhi alisikia vishindo akamwita kutoka chini: Bindo, shuka, hayo ni mambo ya nyumbani. Halafu mlango wa ngazi ukafunguliwa kidogo, na Tripurari akasimama kwenye kivuli.

"Dada," alisema kwa upole wake ule ule, "usijisumbue. Pikipiki ikija, atashuka."

Bindo akampa kisogo. Alimvusha Nirupa ukutani kama mtu anavyovusha gunia, akamshusha kwa ngazi yake mwenyewe, akampakia kwenye gari la mizigo la dereva anayemfahamu, akamwambia dereva asisimame popote mpaka kijijini kwa mzee Baleshwar. Akarudi akakaa kwenye cherehani. Akashona upande wa kushoto wa nguo kwenye upande wa kulia.

Nirupa alifika kwao hajitambui. Baba yake akamkimbiza hospitali, na kutoka hospitali akakimbia polisi bila hata kuvaa viatu vyote viwili. Polisi wakamuuliza nani wako kwenye nyumba ile. Mzee Baleshwar alihesabu wote aliowainamia siku ya arusi. Mume. Mama mkwe. Wifi. Ndivyo mtu aliyemvusha binti yake ukutani alivyoandikwa pamoja na waliomfungia.

Rumande, Bindo na Ramsakhi waliwekwa chumba kimoja, wakagawana blanketi moja. Ramsakhi alikuwa laini kama siagi. Alimsuka nywele. Alimwita mwanangu. Akampa habari kwamba mjomba wa Tripurari amepata wadhamini wa wote watatu, na wakili mmoja mkubwa atawasemea wote watatu, kwa hiyo wote watatu waseme kitu kimoja: binti alipandwa na kichaa cha joto, akajifungia mwenyewe. Bindo akauliza mlango unaofungwa kwa ndani mtu aliyeko nje anaufungaje. Ramsakhi akavuta kifundo cha nywele kwa nguvu kidogo.

"Wewe mwanangu mpole," akamwambia. "Mambo ya milango waachie mawakili."

Walipotoka kwa dhamana, wakili huyo mkubwa alimwita Bindo ofisini kwake, akamwagizia soda, akamweleza kwa furaha kwamba hakuna wa kumlazimisha kusema lolote, kwa kuwa mshtakiwa haitwi kuwa shahidi dhidi ya wenzake. Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema. Bindo alirudi nyumbani na gesi ya soda puani, na njiani, karibu na duka la chuma chakavu, akasimama. Nani alisikia neno la pikipiki pale ngazini? Ramsakhi, Tripurari, Nirupa ambaye fahamu zilikuwa zikimpotea, na yeye. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wa nyumba ile aliyewaambia polisi kwamba huyu si dada. Wangesema neno moja tu kwa polisi angeachwa na pini zake. Walinyamaza. Walimfanya ndugu ili wamfunge mdomo.

Ndipo alipomtafuta Tahira. Tahira alikuwa wakili wa msaada wa kisheria, wa kupewa na serikali, mwenye meza ya bati kwenye veranda ya mahakama na mwavuli wa kuzuia kinyesi cha njiwa. Alimsikiliza Bindo huku akila karanga, kisha akamuuliza maswali kama anayesaka ufunguo.

"Mlizaliwa tumbo moja?"

"Hapana, mwanangu."

"Mumeo alikuwa wa ukoo wao?"

"Hata kidogo."

"Walikuasili kwa karatasi, mbele ya mtu yeyote wa serikali?"

"Waniasili mimi? Mimi si nilikuwa mke wa mtu?"

Tahira akapangusa mikono. Mahakama ya juu kabisa ya nchi, alisema, ilishatoa uamuzi zamani: ndugu wa mume ni wa damu, wa ndoa, au wa kuasiliwa. Rafiki hayumo. Mpenzi wa nje hayumo. Jirani hayumo, hata angefunga nyuzi mpaka mkono usionekane.

"Kwa hiyo," akamalizia, "kwa sheria wewe si kitu chao."

Si kitu chao. Mwaka mwingine wowote maneno yale yangemlaza Bindo kitandani. Mjane hana mume, hana mtoto, hana kaka. Alichokuwa nacho duniani ni uzi ule, na kijana wa kuwasha moto siku maiti yake itakapochomwa kwenye ukingo wa mto. Lakini pale verandani, chini ya njiwa, alijikuta akimwomba Tahira ayaseme tena.

Ilibaki mzee Baleshwar. Kama mlalamikaji mwenyewe angesema amekosea jina, mambo yangekuwa rahisi, na kwa wakati huo Nirupa alishapona akamweleza baba yake kila kitu. Tahira alipanda basi hadi kijijini. Alirudi na hasira zake. Mzee alilia, alisema anajua, alisema amemwita mungu wake ashuhudie, lakini wakili wake amemwonya: ukiondoa jina moja, upande wa pili watasema umesema uongo kwa moja, basi umesema uongo kwa yote. Kwa hiyo hataondoa. Nirupa alikuwa amesimama nyuma ya mlango, na mama yake amemshika mkono asitoke.

Basi hali ikawa hiyo. Walioteswa walimtaka Bindo awe ndugu ili kesi yao isipungue. Waliotesa walimtaka awe ndugu ili mdomo wake usifunguke. Mtu hajawahi kupendwa na familia mbili kwa mpigo kiasi hicho.

Siku ya kusikiliza ombi la kumwondoa kwenye mashtaka, nusu ya Nayaganj ilikuja. Wengine walikuja na chakula. Mwendesha mashtaka alitoa picha iliyotolewa kwenye video ya arusi, Bindo amepiga magoti anafunga fundo, kilemba cha Tripurari kiko juu yake kama paa. Alisema mheshimiwa hakimu ni mtu wa huku, hahitaji kufundishwa ni nani hufunga fundo lile. Sari alipokea. Mlango alizuia. Uzi anafunga kila mwaka. Kama huyu si dada, basi dada ni nani?

Kisha wakili mkubwa wa akina Tripurari akasimama, na mtaa ukatega sikio, maana wote walidhani atamtetea. Alisema kwa masikitiko makubwa kwamba hawezi kusema uongo mbele ya mahakama: Bindeshwari ni binti wa nyumba ile, amekula mle, amelia mle, na familia inampenda na itasimama naye mpaka mwisho.

Tahira aliinuka polepole. "Mheshimiwa, mawakili wanaowaombea wateja wao waachiwe nimewaona. Huyu ni wa kwanza kumwona anamwombea jirani afungwe."

Watu wakacheka, askari wa mlangoni akawakemea, naye anacheka. Tahira akasoma uamuzi wa mahakama ya juu, damu, ndoa, kuasili, akakaa.

Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua. Sikukuu ya rakhi ilikuwa imepita majuzi tu, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kitita cha nyuzi zilizoanza kuchujuka, nyekundu imekuwa waridi. Alipenga kamasi, akaishusha miwani, akamwita Bindo asogee.

"Mama, nikuulize mwenyewe," alisema. "Yule pale ni kaka yako?"

Bindo alijua mtaa wote uko nyuma yake. Hakugeuka, lakini alimwona Tripurari pembeni mwa jicho, na mwaka huo pia alikuwa na uzi mkononi, si wa Bindo, wa binti wa mjomba, umeshonwa shanga za plastiki. Kusema ndiyo ilikuwa jela. Kusema hapana mbele ya watu ilikuwa ni kuyafuta maisha yote aliyoishi pale mtaani.

"Nimemfunga uzi tangu ana sare za shule," alisema. "Kwa uzi, alikuwa kaka. Kwa mama, hapana. Kwa baba, hapana. Kwa mume wangu marehemu, hapana. Na nilipomkuta mke wake juu ya zege, mheshimiwa, kwa uzi pia niliona basi."

Ramsakhi akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Hakimu akainua mkono wake wenye kitita.

"Hizi nimefungwa majuzi," alisema. "Huu na mke wa karani. Huu na mama anayeuza chai nje. Hizi zote na watoto wa shule ya pale ng'ambo. Kesho nikimnyanyasa mke wangu, mwendesha mashtaka, utawakamata na watoto wa shule?"

Mwendesha mashtaka akasema hapana mheshimiwa, kwa sauti ndogo.

Hakimu akaamuru iandikwe. Uzi ni jambo tukufu, na yeye kama mtu anauheshimu. Lakini sheria ya jinai haiwezi kumtia mtu ndani kwa kile alichofungiana na jirani. Waliotunga sheria walisema ndugu, na mahakama ya juu imekwisha kuweka ukuta wa neno hilo. Bindeshwari hayumo ndani ya ukuta. Jina lake liondolewe, dhamana yake ifutwe, aende.

Bindo hakuelewa neno la mwisho mpaka Tahira alipomkanyaga mguu. Aende. Akakaa sakafuni pale pale, si kwa kuzimia, ila kwa sababu sakafu ilikuwa karibu. Kitu kilichokaa kifuani tangu siku ya pini kilishuka kikaondoka zake, na mahali pake pakaja njaa, njaa ya ajabu, ya mtu ambaye amekuwa akila miezi mingi bila kuonja. Mwanamke mmoja wa Nayaganj alikuwa na mikate ya siagi kwenye sufuria, akamsogezea. Alikula miwili mbele ya mahakama, na askari hakusema kitu.

Nje, kwenye korido, walimsubiri. Ramsakhi alimwambia yote ambayo mama aliyesalitiwa humwambia mtoto: nilikulisha, nilikusuka, nani atakuwashia moto ukifa? Bindo alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na mkate mdomoni. Akameza. Akasema kuni hazichagui mkono wa kuwasha, na akifa hatakuwapo kutazama. Kisha Tripurari akasogea, macho mekundu, akasema neno moja tu, dada, kwa upole ule ule wa ngazini.

"Nilikufunga mkono, Tripurari," Bindo akamwambia. "Mdomo sikukufunga. Ungeweza kumwambia mama yako hapana."

Wakili mkubwa akawavuta wateja wake kando. Yeye alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona ng'ombe anatoka zizini na kamba ni fupi.

Mzee Baleshwar alikuwa mwisho wa korido, nyuma ya nguzo, na Nirupa pembeni yake. Alipomwona Bindo anakuja alianza kuinama, viganja vimekunjwa, vile vile kama arusini.

"Dada yangu," alianza.

"Usiniite dada, mzee. Huko ndiko nilikotoka sasa hivi."

Nirupa akacheka. Lilikuwa ni cheko dogo, limetoka puani bila ruhusa, na baba yake akamgeukia kana kwamba amesikia mtoto wake anaongea mara ya kwanza. Mzee akaanza kueleza habari za wakili wake na hofu yake, na Bindo akamwacha aeleze, hakumrahisishia. Alipomaliza alimwambia asimwinamie tena mtu yeyote wa nyumba yoyote, kwa sababu aliwainamia wengi mno mpaka siku ya shida hakujua nani ni nani. Kisha mzee akauliza, kwa woga, kama sasa ambapo Bindo si mshtakiwa, labda, kama haoni vibaya, angeweza kusema aliyoyasikia.

"Kwani nimekuwa nikipigania nini siku zote hizi?" Bindo akasema. "Mikate?"

Tahira alipeleka jina lake kwa mwendesha mashtaka, na yule yule aliyemwita dada kwa picha akamwandika shahidi bila kuona haya. Ndivyo walivyo. Mwito ulikuja baada ya mavuno ya ngano. Siku hiyo hakuna aliyechekesha. Karani alimuuliza jina, umri, kazi, na ni nani wake washtakiwa.

"Jirani," Bindo akasema.

Wakili mkubwa akaruka. Alisema mwanamke huyu ni mtu baki, hana damu wala ndoa na nyumba ile, mahakama yenyewe imesema hivyo; ataujuaje undani wa nyumba ya watu? Hakimu alimtazama juu ya miwani. Alimkumbusha kwamba mwanamke huyo huyo alikuwa binti wa nyumba, amekula mle, kwa kauli ya wakili mwenyewe. Achague moja. Wakili akakaa akipangapanga makaratasi.

Bindo akasema yote. Alionyesha kwa mkono ukuta ulifika wapi, kiunoni. Alisema habari ya bangili, ya midomo, ya mlango uliofungwa kwa ndani. Alipofika kwenye maneno ya ngazini aliyasema kama yalivyosemwa, kwa upole ule ule, bila kuongeza hasira yake, na upole huo ndio uliowafanya watu waache kujipepea. Pikipiki ikija, atashuka. Karani aliandika. Tripurari aliangalia viatu vyake. Mwaka uliofuata walifungwa, yeye na mama yake, na mtaa wa Nayaganj ukapata la kusema kwa muda mrefu. Lakini Bindo mwenyewe husema hukumu kwake ilikuwa siku ile, kalamu ya karani ilipofika kwenye nukta.

Alishuka kizimbani. Nirupa akamsogezea nafasi kwenye benchi, na Bindo akakaa, wote wawili wanatazama mbele kama wanafunzi.

"Sasa nikuite nani?" Nirupa akanong'ona. "Wifi huwezi kuwa tena."

"Niite Bindo."

"Siwezi. Wewe ni mkubwa kwangu."

Bindo akafikiri. Kizimbani shahidi mwingine alikuwa anaapishwa.

"Niite fundi, basi," akasema. "Ila nguo ulipie."

Nirupa akaziba mdomo kwa ncha ya sari, mabega yakimtikisika, na askari akawageukia wote wawili akawatolea macho wanyamaze.